Sindano Kabla ya Mnyororo
Jumatano hii, pembeni ya viwanja vya Mnazi Mmoja, nilimwona kijana amebeba boksi lenye kitoto cha mbwa kinachopiga chafya. Wapita njia wakamshauri akifunike, ni mafua tu. Mimi nikamuuliza kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Kimya. Mafua yatawapata mbwa wengine. Kichaa cha mbwa kinatuua sisi, na dalili zikishatokea hakuna dawa ya kutuponya. Kule Serengeti wamechanja mbwa kijiji kwa kijiji, wakilenga asilimia 70 yao, na watu wameepushwa na ugonjwa. Mfuga mbwa hafugi peke yake, mtaa mzima unafuga naye. Anayenunua mnyororo kabla ya sindano anawakosea majirani zake, watoto kwanza. Kijana ameniahidi kukipeleka kitoto chake kwa daktari wa mifugo Ijumaa.