Amri ya Kutotoka Nje na Kikombe cha Methadoni

Maradhi ya kuambukiza yaingiapo katika nchi, jambo la kwanza ambalo watawala hulitaka kwa raia ni kukaa majumbani. Na amri hiyo, ijapokuwa ina manufaa kwa walio wengi, humwelemea zaidi ya wote mtu ambaye tiba yake ni safari ya kila siku. Nawakusudia waraibu wa heroini walioacha unga wakaingia katika tiba ya methadoni, iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2011, kisha ikafika Nairobi, Malindi, Mombasa na Unguja.

Utaratibu wake ni mkali. Mgonjwa hufika kwenye dirisha la kliniki asubuhi, hutambuliwa, hupimiwa dawa ya maji katika kikombe kidogo, huinywa mbele ya muuguzi, kisha hutakiwa aseme neno moja mawili ili ijulikane kwamba ameimeza. Na kesho hurudi tena, hata ikiwa sikukuu. Akiikosa, haupiti muda arosto, yaani mateso ya kukosa dawa mwilini, humrudia: miayo, jasho, makamasi, tumbo la kuendesha na maumivu ya mifupa yasiyompa usingizi, na muuza kete za unga, asiyejali amri ya mtu, yupo karibu kuliko kliniki.

Nani wa pwani asiyeikumbuka Mombasa ya mwaka 2020, wakati wa korona? Tangu tarehe 27 Machi watu walizuiwa kutoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili kaunti nzima ikafungwa, haiingiliki wala haitokeki. Na mwezi wa Mei Mji wa Kale nao ukawekewa vizuizi vyake, ilhali kliniki ya methadoni ilikuwa Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Mwenye kisukari huweka kabatini vidonge vya mwezi mzima na hapana amwulizaye. Mraibu, hata awe ametimiza miaka hajagusa unga, aghalabu hadhaniwi kuwa mwaminifu wa kukabidhiwa dozi ya kesho.

Hilo ndilo nilipingalo. Marekani, Machi ya mwaka huo huo, iliruhusu wagonjwa waliotulia wapewe dawa ya hadi siku 28 nyumbani, na wasiotulia sana hadi siku 14. Na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikafanywa kanuni ya kudumu. Wanaopinga wana hoja, nami siidharau: kipimo kimtulizacho aliyezoea huweza kumuua asiyezoea, na nyumba zetu zimejaa watoto. Lakini khatari hiyo huzuilika kwa sanduku lenye kufuli, kwa ndugu mmoja wa kushuhudia, kwa kuanza na siku chache kabla ya nyingi, na kwa jamaa kufundishwa kutumia naloksoni, dawa imrudishiayo pumzi aliyezidiwa.

Basi wizara zetu za afya na ziyaandike haya katika sheria za dharura sasa, ungali upo wasaa, na kadi ya mgonjwa wa methadoni itambuliwe na askari wa kizuizini kuwa ni hati ya kupita. Na soba hausi za Zanzibar, yaani nyumba za wanaoacha unga, ambamo vijana hulala wengi chumba kimoja na kupeana nguvu kwa kuketi na kusimuliana, zisifungwe kwa amri ile ile ifungayo kumbi za starehe. Zipelekewe sabuni, maji na daktari, kwani kijana atolewaye humo aghalabu hana pa kwenda ila maskani alikokuwa akivutia unga.