Dawa ya Kufunga Tumbo

Katika maduka ya dawa ya Mtwapa huuzwa vidonge vya loperamaidi, miligramu 2 kila kimoja. Dawa hii ni jamaa ya kasumba, ila kwa kipimo chake hailevyi. Hutuliza mishipa ya fahamu ya utumbo, chakula kikaenda polepole, na maji yakapata nafasi ya kurudi mwilini. Vijidudu haiviui. Basi aharaye damu au mwenye homa asiimeze, wala mtoto mdogo asipewe. Mtu mzima, hata kwa amri ya daktari, asipite vidonge 8 kwa siku. Kuzidisha sana huvuruga mapigo ya moyo. Auaye mtoto ni ukavu wa maji mwilini. Anyweshwe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaliyopimwa kama ilivyoandikwa, pamoja na zinki, huku akipelekwa zahanati.