Ukinasa Jeshi Kyela Utasikia Nini?

Haya wadau, leo nina ugomvi.

Kila tukikutana waandishi vijana na mazungumzo yakifika kwenye mpaka wa Ziwa Nyasa, hakosi mtu wa kuleta hoja ya skana. Anaanza hivi: siku hizi redio ya kunasa mawasiliano ni bei chee, kidude kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, unakaa zako Matema au Itungi, unasikiliza simu za upepo za jeshi letu na la Malawi, halafu unajua yote ambayo wakubwa wanatuficha. Wengine wanapiga makofi. Mimi naona huo ni uvivu uliovaa kombati.

Tuanze na chombo chenyewe. Skana ni redio inayopita masafa moja baada ya jingine na kusimama pale inapokuta mtu anaongea. Kwa mambo ya wazi ni chombo kizuri. Marubani na waongoza ndege wako kati ya megahezi 118 na 137, na mwenye redio ya kufaa anawasikia. Vyombo vya majini vina chaneli 16, megahezi 156.8, na hiyo ipo makusudi isikilizwe na kila mtu, maana ndiyo ya kuitia msaada. Lakini jeshi lenye kitu cha kuficha hufunga maneno yake kwa msimbo, au redio zake huruka kutoka masafa hadi masafa mara nyingi ndani ya sekunde moja. Wewe na skana yako utasikia mvumo tu, kama usipa unaokaangwa. Yatakayobaki wazi ni ya mlinzi anayeulizia chakula cha jioni kitafika saa ngapi. Hiyo ndiyo skupu?

Najua mtanijibu nini: Ukraine. Kweli, mwaka 2022 wanajeshi wa Urusi walikuwa wakiropoka kwenye redio zisizofungwa, watu wa kawaida wakawarekodi, na New York Times wakatengeneza ripoti nzito kutokana na rekodi hizo. Sikatai, ile ilikuwa kazi ya uandishi. Ila angalieni ilivyofanyika. Vita ilikuwa imeshawaka, watu wengi walikuwa wanasikiliza kwa pamoja, na waandishi walizilinganisha sauti zile na picha za video na maneno ya waliokuwepo kabla ya kuchapa. Wewe wa Matema uko peke yako na spika za masikioni. Utalinganisha na nini?

Na kama Ukraine ni mbali, tuje jirani. Gisenyi, Rwanda, kuanzia 1990 hadi 1994, palikuwa na bwana mmoja aitwaye Richard Mugenzi ambaye kazi yake ilikuwa kunasa redio za RPF kwa ajili ya jeshi la serikali. Alitoa ushahidi kwenye ile Mahakama ya Kimataifa pale Arusha. Baadaye akaeleza jambo la kutisha: baadhi ya ujumbe uliosambazwa kama "umenaswa" haukunaswa popote. Aliletewa na Kanali Anatole Nsengiyumva, akaambiwa aunakili kana kwamba ametoka kuusikia. Mmojawapo ni wa Aprili 1994, unaoionyesha RPF ikijisifu kwa kuidungua ndege ya Rais Habyarimana. Mwaka 2006 ujumbe huo ulikuwa bado unatembea kama ushahidi kwenye faili la jaji Mfaransa, Jean-Louis Bruguière. Miaka 12, jamani! Na huyo ni mtaalamu aliyekuwa mezani kwake kila siku. Mnaponiambia "nimesikia kwa masikio yangu", nawauliza: mmesikia nani? Nani alitaka msikie?

Sasa turudi Kyela, kwa sababu kinachowachoma watu wa kule wala hakimo kwenye simu ya upepo.

Mnakumbuka 2012. Mwaka uliotangulia Malawi ilikuwa imeipa kampuni ya Uingereza, Surestream Petroleum, leseni ya kutafuta mafuta ziwani. Bungeni marehemu Bernard Membe, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, akaitaka Malawi isimamishe utafutaji huo hadi suala la mpaka liishe. Maneno yakapanda moto, "vita" ikaingia kwenye vichwa vya habari. Rais Kikwete akasema Tanzania haina mpango wa kupigana. Kesi ikapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano. Halafu? Halafu kimya. Mvuvi wa Kyela anasukuma mtumbwi alfajiri bila mtu kumwambia rasmi yaliishia wapi, na anga'mbo ya Songwe kule Karonga ana wajomba, maana Wangonde na Wanyakyusa ni ndugu. Tena huo mto Songwe wenyewe una tabia ya kuhama. Mtu analala shamba likiwa Tanzania, mafuriko yakipita anaamka mto uko upande mwingine.

Hakuna kati ya hayo kilicho siri ya jeshi. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890 unasomeka na mtu yeyote. Unapitisha mpaka ufukweni mwa ziwa, upande wetu, na hapo ndipo Malawi inaposimama, ikiongeza lile azimio la OAU la Cairo la 1964 kwamba mipaka ya wakoloni iheshimiwe. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji, na tangu 1967 Mwalimu alishalizungumzia. Mkataba ule ule, kifungu cha 6, uliruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Ni wangapi kati yetu, sisi tunaotaka skana, tumewahi kukaa na karatasi hiyo? Nimewauliza wenzangu kumi hivi. Wawili.

Na hili ziwa lina historia yake na habari zisizofika. Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani tarehe 4. Tarehe 8 manowari ya Kiingereza, Astraea, ilikuwa tayari inaupiga mabomu mnara wa redio wa Wajerumani Dar es Salaam. Kwa hiyo Dar walijua, na kwa kishindo. Tarehe 13, kusini zaidi kwenye ufukwe huu huu wa mashariki, pale Liuli (Wajerumani walipaita Sphinxhafen), meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu inatengenezwa. Kapteni Rhoades akaja na Gwendolen kutoka upande wa Nyasaland, akaanza kupiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, aliyekuwa rafiki yake wa kunywa naye, akamfuata kwa kimtumbwi akiwa amefura, akidhani mwenzake amelewa. Alikuwa hajui kuna vita! Akakamatwa hapo hapo. Hakuponzwa na kukosa kunasa siri za Rhoades. Siku tisa zilikuwa zimepita na serikali yake mwenyewe haijamfikishia habari ambayo Dar ilikuwa inaijua.

Nanyi wakubwa msicheke, zamu yenu. Mnapokaa kimya miaka nenda rudi ndipo vijana wanapoanza kuwaza skana. Sheria za kuwafunga mnazo: ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inamshughulikia anayenasa mawasiliano bila idhini, na ya Usalama wa Taifa ya 1970 bado ipo. Sina tatizo na jeshi kulinda redio zake. Askari aliye doria ziwani usiku ni mtoto wa mtu, na anayetangaza alipo anaweza kumuua. Tatizo langu ni pale kila swali kuhusu ziwa linapojibiwa kana kwamba muulizaji ana antena mfukoni. Na fujo ikitokea, mwandishi anapanda basi kurudi Dar, anayebaki kuhojiwa ni mvuvi aliyekutwa na redio ya mkulima akisikiliza mpira.

Kwa hiyo mimi sinunui skana. Nimeandika barua kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Sikuuliza kuna boti ngapi za doria wala kambi iko wapi. Nimeuliza: kikao cha mwisho cha usuluhishi kilikaa lini na kiliamua nini? Mvuvi wa Kyela akikamatwa na Wamalawi katikati ya ziwa, ampigie nani? Mto Songwe ukihama, shamba linabaki la nani? Sheria inawapa siku 30 za kujibu. Nimeanza kuhesabu Jumatatu.