Wapeni watoto namba ngumu

Nafundisha hisabati hapa Mwandiga, na wazazi huniuliza vigawo vitamfaa nini mtoto atakayeuza mawese sokoni. Huwaandikia ubaoni 147573952589676412927, yaani 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliihesabu kuwa namba tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, lakini hakutaja kigawo chake hata kimoja! Hilo hunisisimua mpaka leo: kujua kwa hakika kwamba namba inagawanyika, bila kujua inagawanyika kwa ngapi. Ilibidi kusubiri hadi 1903, Frank Nelson Cole wa Marekani alipovitoa: 193707721 na 761838257287.

Kuzidisha hizo mbili, mwanafunzi wangu wa darasa la saba anaweza kwa penseli na subira. Kurudi nyuma ndiko kuzito, na uzito huo ndio msingi wa RSA, njia ya kulinda siri kwenye kompyuta iliyobuniwa 1977. Leo hutumia namba zenye tarakimu zaidi ya 600, kila moja zao la namba tasa mbili. Ile yenye tarakimu 250 ilivunjwa mwaka 2020, kwa kompyuta nyingi mno.

Kwa hiyo walimu wenzangu, tusiishie kwenye 24 na 36. Tuwape 8051 wahangaike nayo. Ni 90 mara 90, ukitoa 7 mara 7. Atakayeliona hilo atapata 83 na 97 bila kugawanya hata mara moja.