Tuache Kukaririsha Pembetatu

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu hapa Uganda, na masomo yangu mawili ni Kiswahili na Hisabati. Wapo wanaoucheka mchanganyiko huo. Lakini Kiswahili ndicho kilichonionyesha kwamba mada ya pembetatu zinazofanana tunaifundisha kinyumenyume katika shule za sekondari, na katika insha hii nasema tuache.

Desturi ni hii. Mwalimu anachora pembetatu mbili ubaoni, anaandika sehemu mbili na alama ya sawasawa katikati, kisha anasema: zidisheni kimshazari. Wanafunzi wanazidisha. Kipindi kinakwisha na hakuna aliyeuliza kufanana ni nini.

Matokeo yake niliyaona wakati wa mazoezi ya kufundisha. Chora pembetatu ABC. Weka D kwenye upande AB na E kwenye upande AC, ili DE iwe sambamba na BC. AD ni sentimita 4, DB ni 2, DE ni 6. Je, BC ni ngapi? Wengi waliandika kwamba 4 kwa 2 ni sawa na 6 kwa BC, wakapata 3. Kuzidisha walizidisha vizuri kabisa! Lakini hata kwa macho tu BC ni ndefu kuliko DE, itakuwaje 3? Walichukua kipande DB badala ya upande mzima AB, ambao ni 6. Jibu ni 9. Kanuni waliikariri, pembetatu hawakuiona.

Tatizo la kwanza ni neno lenyewe. Tunafundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi anaelewa kwamba pembetatu hizo "zinakaribia kuwa sawa". Kiswahili kingemsaidia. Tukisema watu wamefanana kama shilingi kwa ya pili, tunamaanisha umbo moja na ukubwa mmoja. Hisabati inakuita huko kulingana. Kufanana tunakotaka kunakaribia zaidi methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka: ni mdogo, lakini umbo ni lilelile. Katika pembetatu, kila pembe inabaki vilevile na kila upande unapungua kwa uwiano uleule. Kueleza hivyo hakuchukui hata dakika mbili.

Baada ya hapo, tuwatoe nje. Saa nne asubuhi wasimamishe kijiti cha mita 1. Kivuli chake kikiwa sentimita 90, na kivuli cha mti kikiwa mita 7.2, basi mti una urefu wa mita 8. Kwa nini? Kwa sababu miale ya jua inafika ikiwa sambamba, kijiti na mti vyote vimesimama wima, kwa hiyo pembe ni zilezile. Inasimuliwa kwamba Thales alipima piramidi ya Misri kwa kivuli, karibu na mto uleule wa Nile unaotoka kwetu Jinja. Hakuwa na kikokotoo.

Najua walimu watajibu nini: silabasi ni ndefu, darasa limejaa, mtihani unakaribia. Sikubali. Vijiti havinunuliwi, na darasa lililojaa linaweza kugawanywa katika makundi. Muda hasa tunaupoteza baadaye, trigonometria inapoingia. Tangenti ya pembe ni uwiano wa pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, na uwiano huo haubadiliki kwa sababu pembetatu zote za aina hiyo zenye pembe ileile zinafanana. Kwa asiyelijua hilo, tangenti ni namba tu inayotoka kwenye kikokotoo. Akishindwa, tunamwambia hana kichwa cha hisabati. Naye anaamini, na ndoto yake ya uhandisi inaishia hapo. Huo si udhaifu wake. Sisi ndio tuliomkaririsha badala ya kumfundisha.

Kwa hiyo, wahadhiri wetu, mnapokuja kutukagua shuleni, msitazame tu kama ubao umejaa. Mwulizeni mwanafunzi wa dawati la nyuma: kwa nini? Akinyamaza, alama mtupunguzie sisi.