Mshipa Haufunguliwi kwa Nguvu

Ndugu msomaji, weka vidole juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Mshipa unaopiga hapo ndio ambao mwuguzi huuhesabu kila asubuhi. Mshipa huo waganga waweza kuutoa na kuushona moyoni, damu ipate njia mpya pale ambapo ile ya zamani imeziba. Kwanza hupima kama mshipa wa pili watosha kulisha mkono.

Lakini ukuta wake una nyama nene. Ukivutwa au ukipata baridi, hujikaza kama jongoo aliyeguswa. Ukijikaza baada ya kushonwa, moyo hukosa damu, na mgonjwa aweza kufa siku ileile.

Daktari Alain Carpentier wa Paris alianza kuutumia mwaka 1971. Siku zile mshipa uliojikaza ulipanuliwa kwa vijiti vya chuma. Mingi ikaziba, kazi ikaachwa, na mshipa ukalaumiwa. Lakini zaidi ya miaka 15 baadaye wagonjwa wengine walipigwa picha, na mishipa iliyodhaniwa imeziba ikaonekana wazi. Mwaka 1992 Daktari Christophe Acar na wenzake wakatangaza kuirudia kazi hiyo.

Neno langu ni hili: kosa halikuwa la mshipa, bali la namna ulivyoshikwa. Chuma hukwaruza ngozi laini ya ndani, nayo ndiyo hutoa kitu cha kuulegeza mshipa. Siku hizi mshipa hutolewa pamoja na mafuta yanayouzunguka, bila kubanwa wenyewe, kisha hutiwa dawa ya kuulegeza, kama papaverini. Mwaka 2018 majaribio sita yenye wagonjwa 1,036 yalijumlishwa. Waliowekewa mshipa wa mkono walipata mabaya ya moyo machache kuliko waliowekewa wa mguu.

Wengine husema, Dawa zipo, mkono mzito si neno. Sikubali. Dawa hulegeza mshipa. Haishoni ngozi ya ndani iliyochanika.

Nawe mwuguzi, usidhani kazi hii ni ya mganga peke yake. Mfunike mgonjwa asipate baridi. Mpe dawa zake kwa saa yake. Nguvu ya damu ikishuka, usiongeze dawa ya kukaza mishipa bila amri ya daktari. Kifua kikiuma, mwite upesi. Mshipa uliotunzwa kwa upole chumbani mwa upasuaji usipotezwe kitandani.