Mtaro wa mbele ya geti ni wa nani?

Januari, dada yangu, mtoto wa mamkubwa, alinitumia video kutoka Ujerumani, kijiji kimoja karibu na Stuttgart. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bado giza, yuko nje amejifunika mpaka pua, ameshika koleo anasukuma theluji kwenye njia ya kupita watu mbele ya nyumba. Nikamuuliza, kwani umekosana na mumeo? Akaniambia hapana, ni wiki yao. Kwenye hio nyumba wanaishi familia nne, na kuna kibao kidogo kinachoning'inizwa mlangoni. Kikiwa kwako, wiki hio usafi wa njia ni wako, na ikianguka theluji, kabla ya saa moja asubuhi iwe imeondoka. Mtu akiteleza pale akavunjika, anaweza kukudai.

Nilicheka sana. Nikaweka kwenye status: "Mmeona majuu? Mnakimbilia kuwa manamba wa barabara."

Sasa wacha niwaambie kilichonipata Mei.

Wanaojua Tiwi wanajua mvua ya masika haibishi hodi. Inapiga usiku kucha, asubuhi njia yote ya kutoka kwetu mpaka lami ya Likoni-Lunga Lunga ni rojo. Mbele ya geti letu kuna mtaro, na juu ya mtaro kuna slabu ya simiti ambayo mzee wangu aliijenga miaka ile aliponunua pikipiki, apate kuingia nayo. Chini ya slabu kapitisha bomba. Bomba jembamba, manake pesa zilikuwa nyembamba. Bomba likiziba, maji yanapanda juu ya slabu, na yakikaa siku mbili tatu simiti inaota ukoga wa kijani. Ukikanyaga na ndara, umeenda.

Mama wa mahamri akakanyaga na ndara. Alfajiri, beseni kichwani, mahamri na mbaazi za watu wa stage. Nilisikia beseni kwanza, halafu yeye. Kifundo cha mkono kilivunjika. Plasta wiki sita, na wiki sita bila kukanda unga, na yule mama anasomesha watoto wawili kwa ule unga.

Hakuja kutudai. Alikuja mwanawe mkubwa jioni, na adabu zake zote, shikamoo baba, shikamoo mama, akakaa. Mzee akampa pole ya kweli kabisa, kisha akasema, "Lakini mwanangu, barabara si yangu. Barabara ni ya serikali." Kijana akainamisha kichwa, akauliza pole pole, "Na slabu, baba?"

Kimya. Hata mimi niliyekuwa na mdomo mrefu nikaangalia simu.

Na hapa ndo pananichoma, manake wiki mbili kabla nilikuwa nimesimama juu ya hio hio slabu nikirekodi video, naonyesha maji, nauliza kaunti iko wapi, kodi zetu ziko wapi. Iliangaliwa kuliko kitu chochote nilichoweka mwaka huu. Comment zote "sema nao kaka". Baada ya ile jioni nilichukua jembe nikashuka mtaroni kufungua bomba. Nikatoa makumbi ya nazi (tunauza madafu, ni yetu), nepi (hizo si zetu, hatuna mtoto), chupa za soda, na kipande cha ile sponji nyeupe ngumu iliyokuja na taa yangu ya kurekodia. Niliitambua vizuri. Nilikuwa naitazama kama mtu aliyekutana na jina lake kwenye orodha ya wanaotafutwa.

Nikaanza kusoma sheria. Mimi niliacha chuo na sikuwa nasomea uwakili, lakini hizi sheria zimeandikwa kwa ajili yetu sote na ziko mtandaoni bure.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka waziwazi kazi za kaunti: kuzoa taka ni yao, barabara za kaunti ni zao, na mifumo ya kutoa maji ya mvua kwenye maeneo yaliyojengwa ni yao. Lami kuu yenyewe iko chini ya KeNHA, si kaunti. Kwa hivo video yangu haikuwa uongo. Mtaro kuchimbwa, kupewa mteremko unaofika mahali, taka kuchukuliwa, hio si kazi ya mama yangu.

Lakini kuna Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ya tangu 1921, enzi za mkoloni, na bado inafanya kazi. Inakataza mtu kusababisha kero inayodhuru afya, na inakataza pia kuiacha ikae kwenye ardhi au nyumba anayomiliki au anayoishi. Kwenye orodha ya kero wametaja mpaka madimbwi na mitaro. Afisa wa afya anaweza kukuletea notisi uiondoe. Na kama aliyesababisha hajulikani alipo, notisi inakwenda kwa anayekaa hapo au mwenye nyumba. Soma tena hio. Nepi si yangu, lakini ikituama kwangu, mimi ndo nitafutwe. Halafu Katiba hio hio, kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 69 kinakupa wajibu wa kushirikiana kuyalinda. Cha 42 tunakipenda. Cha 69 sijawahi kukiona kwenye fulana ya mtu.

Ambacho hakuna mahali hapo ni kile kibao cha mlangoni. Hakuna nilipoona imeandikwa: kuanzia pembe hii ya ukuta mpaka pembe ile, baada ya mvua kukatika, ndani ya masaa kadhaa, fulani afungue. New York theluji ikikatika mchana, mwenye jengo ana masaa manne kusafisha njia ya mbele. Minneapolis, kule waliko Wasomali wengi, mwenye nyumba ndogo ana masaa 24. Ujerumani miji yenyewe imewasukumia wenye nyumba huo wajibu, na wao wanawasukumia wapangaji kwenye mkataba. Uingereza wamekataa kabisa, hakuna sheria ya kukulazimisha kusafisha mbele ya nyumba yako, barabara ni mzigo wa baraza la mji. Kila mmoja kachora mstari wake. Sisi mstari wetu unachorwa siku mtu ameshavunjika mkono, chini ya mwembe, na anayeujua vizuri ni yule mwenye aibu zaidi.

Msimamo wangu basi, na najua baadhi yenu mtaninunia: alichojenga mtu juu ya mtaro wa watu wote ni chake, na madhara yake ni yake. Slabu, ngazi, kibanda, kiosk, ukuta uliosogea kidogo kidogo mpaka ukala njia. Ulipata faida ya kuingiza pikipiki, chukua na hasara ya bomba. Na kipande cha mtaro kilicho mbele ya geti lako, kukitoa makumbi na chupa baada ya mvua hakuhitaji tenda ya kaunti. Ni dakika ishirini na jembe. Nimepima.

Jamaa mmoja wa boda aliniambia kwenye stage, "Wee, ukianza kusafisha wewe, kaunti ndo itasahau kabisa." Hio hoja naiheshimu. Nimeona watu wakifanya kazi ya serikali kwa hiari mpaka serikali ikajisahau kwamba ilikuwa yake. Ndo maana nataka mstari uandikwe, uandikwe pande zote mbili: mimi kipande changu, na wao taka nilizozitoa zichukuliwe, manake saa hii nikizitoa naziweka wapi? Naziweka pembeni ya mtaro, mvua ijayo zinarudi ndani. Watu wengine wanazichoma, na mifuko ile iliyopigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017 bado utainusa ikiungua. Kunilazimisha kusafisha bila mahali pa kupeleka uchafu ni kunifanya niuhamishe kwa jirani wa chini. Na kwetu maji yanashuka kuelekea baharini, kwa hivo jirani wa chini yuko daima.

Pia kuna suala la nani hasa ni "mwenye nyumba". Stuttgart ni rahisi, kuna jina kwenye karatasi. Kwale hii watu wangapi wanakaa kwenye ardhi ya babu zao bila hati? Na kwa upande wa pili, shuka njia za kwenda ufukweni, utakuta kuta ndefu za mawe, maua ya bougainvillea juu, mwenyewe yuko Nairobi au Ulaya, ndani kuna mlinzi mmoja na mbwa. Ule ukuta umezuia maji yaliyokuwa yakinywewa na mchanga, yote yanakuja njiani. Ukileta faini ukawapiga wenye geti la mabati na ukawaruka wenye ukuta wa mawe kwa sababu hawapatikani, mimi nitakuwa wa kwanza kurekodi. Bili ifuate ukuta. Kodi ya ardhi inajua kuwapata, na faini nayo ipite njia hio hio.

La mwisho linahusu nyumbani, na wanaume mnaonisoma msiruke. Kwetu pwani uwanja unafagiwa alfajiri kwa fagio la chelewa, mistari mizuri kwenye mchanga, na anayefagia ni dada yako. Ufagio unaishia getini. Sheria ikija kusema "kila kaya isafishe mbele yake", nyinyi mnajua kaya ni nani. Dada ataongezewa mita kumi. Kibao cha kule Ujerumani nilichokicheka hakiulizi kama wewe ni mwanamume, kinaning'inia tu.

Mzee alilipa hospitali na nauli. Kwa wiki sita nyumba yetu ilimpelekea yule mama pesa kidogo kila Ijumaa, si sawa na faida ya mahamri, na hakuna aliyetuambia kiasi gani ni haki. Mzee bado anasema barabara si yake. Lakini aliita fundi, slabu ikavunjwa, ikawekwa bomba ambalo mtoto anaweza kutambaa ndani, na juu simiti ikapigwa mistari ya kuzuia kuteleza. Ile video yangu sijaifuta. Nimebandika juu yake nyingine, nimeshika ile sponji.

Na kibao tumetengeneza. Ubao wa boksi, kamba ya katani, majina manne: mzee, kaka, dada, mimi. Mama tumemtoa, kafagia miaka thelathini. Wiki hii kimening'inia kwenye mlango wa kaka. Saa hii nasikia matone ya kwanza kwenye mabati, na yeye bado yuko Ukunda, hashiki simu.